Kaya Sitini za Dranya

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Koboko.
Nimeajiriwa! Mimi, Yasiri, mtafiti! Daktari Ocama amekuja kutoka Arua na tableti mbili: moja yangu, moja ya Stella Kiden, dada aliyekimbia vita Sudan Kusini. Kila mmoja kaya sitini huko Dranya, kuuliza kuhusu ugonjwa unaoozesha muhogo. Atakayefanya vizuri atachukuliwa maabara Arua, kazi ya kudumu. Stella aliuliza maswali mengi. Mimi hata moja. Nilitaka nionekane nimeelewa.

Jumanne, 5 Agosti.
Mvua. Matope! Nyumba ya kwanza ni ya mjane mzee, Mama Eyotaru. Maswali themanini na manne. Kufika la tano akainuka, akataka twende shambani. Alisema muhogo wa majirani wote umeoza, wake mzima, na sababu anaijua. Shamba liko ng'ambo ya kijito. Nikatazama viatu vyangu. Nikamwambia nitarudi kesho.
"Sawa, mutoto yangu," akasema. "Wewe kuja tu. Mimi iko hapa."

Jumatano, 6 Agosti.
Ugunduzi! Tableti haijui nani anajibu. Nimekaa hotelini kwa Hamuza, chai na mandazi, nikajaza kaya zote sitini. Sikuwa mchoyo, wengine niliwapa mavuno mazuri. Mama Eyotaru nilimwandikia "umeoza wote", afanane na majirani zake. Stella, kutwa nzima, kaya tatu. Masikini.

Alhamisi, 7 Agosti.
Daktari amepiga simu. Kwenye ramani yake, kaya zote sitini za Dranya zinaishi ndani ya hoteli moja Koboko mjini. Nikasingizia mtandao. Amenipa nafasi ya kurudia.

Ijumaa, 8 Agosti.
Baada ya sala nimekodi boda. Tumezunguka Dranya, kila nyumba nabonyeza kitufe cha mahali bila kushuka. Ramani imeridhika. Mama Eyotaru alikuwa amekaa nje, miguuni pake kifungu cha vijiti vya mbegu ya muhogo. Akasimama. Nikampungia mkono. Boda haikusimama.

Jumatatu, 18 Agosti. Arua.
Mkutano, mtaa wa Mvara. Balaa! Watu watano waliohojiwa na Stella wamemtaja bibi ambaye muhogo wake hauozi, na husema sababu anaijua. Fomu yangu inasema umeoza. Nikaeleza kwamba bibi amezeeka, anasahau. Daktari akasema basi kesho twende tukauone wenyewe.

Jumanne, 19 Agosti.
Tumekuta turubai uani. Mama Eyotaru alizikwa Jumamosi.
Mwanawe, Yengi, alitueleza kwamba watu wa matanga walikuwa wengi, shamba lote waling'oa wakala. Miti ya muhogo walipewa mbuzi. Daktari akauliza, hata kijiti kimoja? Kuna kifungu mama alikiweka kando, Yengi akasema, lakini kilikauka, wakapikia. Akatuonyesha majivu.
"Mama ilikuwa nangoja mutu moja ya tableti," akasema. "Kila asubuhi natoa kiti inje. Nasema leo atakuja."
Stella akaenda nyuma ya nyumba. Mimi nililia. Kweli nililia, mbele ya watu. Yengi ndiye aliyenibembeleza. Alidhani nilimjua mama yake.
Njiani Daktari aliniuliza: sababu aliyosema anaijua, ilikuwa ipi? Nikamwambia sikumwuliza.

Ijumaa, 29 Agosti. Koboko.
Tableti nimeirudisha. Stella yuko maabara. Siku kumi sikutaka kuona mtu. Chakula dada yangu Kulusum alikiacha mlangoni.
Leo kaleta habari. Kuna utafiti mpya, wa afya ya wazee, unatafuta watu! Anayeomba kazi atume kwanza mahojiano ya majaribio na mzee mmoja. Kulusum akasema Bibi Shakirah anakaa nyumba ya tatu tu, na anapenda kuongea. Nia nilikuwa nayo. Viatu nilivaa. Lakini wingu lilikuwa limeanza kukusanyika.
Nimejaza mwenyewe. Mwanamke, mjane, miaka sabini na miwili. Afya: njema sana.