Chupa Mbili za Chumba cha Leza

Jumatatu, 3 Machi
Daktari Esther, mkubwa wetu wa maabara, anatafuta fundi mkuu wa chumba cha leza. Ni mimi au mwenzangu Jerop. Mtihani Ijumaa, chupa zifike Alhamisi: kila mtu alete chupa ya maji aliyotayarisha mwenyewe. Leza inapigwa ndani ya maji. Ikigonga chembe, cheche! Tap! Chembe kubwa, mlio mkubwa. Chembe ndogo, mlio mdogo. Maji safi, kimya. Rahisi! Nimempigia Mama simu kule Mumias nikamwambia nishapata cheo. Anachinja jogoo Jumamosi, ameita kanisa lote.

Jumanne, 4 Machi
Nimechota maji ya chemchemi Kaptagat, msituni kabisa. Nimebeba dumu mpaka barabarani, mgongo kwisha. Nikayajaribu. Wueh! Leza ililia kama bisi kwenye sufuria. Jerop akauliza kama ng'ombe walikuwa wamemaliza kuoga. Maji yake? Hata tap moja! Huyu dada ana siri.

Jumatano, 5 Machi
Siri nimeipata! Nimeenda Kiplombe kwa mama yake Jerop, nikijifanya nataka mursik, yale maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu. Nikanywa vikombe viwili, nikasifu, kisha nikauliza vibuyu vyake vinakaaje safi hivyo. Akasema anachoma kijiti cha mti wa senetwet na kusugua mkaa ndani, maziwa hayaharibiki. Kumbe! Akaniuliza nina ng'ombe wangapi. Nikasema nina leza. Akanihurumia, akanipa mkaa bure, ameutwanga na kuuchuja kwa kitambaa mwenyewe. Nimesugua chupa yangu mpaka kiganja kikawaka moto.

Alhamisi, 6 Machi
Maji yangu ni meusi. Meusi! Nimesuuza mara tatu, sasa ni ya kijivu. Ya Jerop yanameta. Nikafikiria jogoo wa Mama. Saa nne wote wakaenda kunywa chai. Nikabandua stika za majina, nikazibadilisha. Sekunde kumi tu. Kisha nikaenda chai nikala maandazi manne kwa amani.

Ijumaa, 7 Machi
Sijui nianzie wapi. Daktari alipiga leza kwenye chupa yenye jina langu. Kimya. Nikatabasamu. Akasema safi sana, akayamimina kwenye birika la chai. Kisha ile ya kijivu, yenye jina la Jerop. Tap-tap-tap, milio yote sawa! Akaruka kwa furaha. Akasema wageni wa maabara wanakuja kuona cheche, sio kuangalia maji ya kunywa, na miaka miwili ametafuta chembe zinazolingana hivi ili apimie usahihi wa mashine ya leza. Jerop akasema wazi hiyo si chupa yake. Daktari akasema unyenyekevu kama huo ndio anataka kwa fundi mkuu. Ningesema nini, kwamba nimejiibia mwenyewe? Jerop amepewa ufunguo. Nimelia chooni kidogo.

Jumamosi, 8 Machi
Mumias. Pasta ameniombea, fundi mkuu. Mama amenipa firigisi, kipande cha heshima, mbele ya wazee wote. Nimeila.

Lakini nimekaa nimefikiria, na kosa nimeliona. Daktari ametuma ujumbe: anatafuta mtu wa kupeleka mashine Nairobi kwa maonyesho, mimi au Jerop, chupa ziletwe Jumatano. Safari hii sibadilishi stika. Ujinga huo nimeacha. Nitaandika jina langu kwenye chupa zote mbili.