Kijiti cha Kuongozea Okestra ya Tororo

Mulanda, Tororo
Machi 1955

Kwa Bwana Katibu wa Okestra,

Nakusalimu kutoka kitandani. Daktari amesema moyo wangu hautafika mavuno ya ulezi, kwa hiyo naandika bila woga, kama mtu anayeungama. Tangu nistaafu ualimu nikaanza kupiga fidla kwenu, nimetamani jambo moja tu: kusimama mbele na kushika kile kijiti cha kuongozea. Kila mwaka mnampa Mzungu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Katika okestra yetu, Mgoa anapuliza filimbi, Mhindi anapiga fidla, na Sowedi, dereva wa lori, anapuliza tarumbeta hadi macho yanamtoka. Mtu pekee asiyetoa sauti yoyote ndiye lazima awe Mzungu. Kama ni kazi ya kunyamaza, sisi watawaliwa tumeizoea zaidi.

2. Mnasema Mwafrika hawezi kutunza mwendo wa muziki. Njooni Mulanda mwone wanawake watatu wakitwanga kinu kimoja bila michi kugongana. Bwana Hapgood, kiongozi wa sasa, ni daktari wa ng'ombe. Jumamosi tulimaliza wimbo kabla yake. Aliendelea kupunga peke yake, nasi tukamngoja kwa heshima.

3. Mnasema muziki huu ni wa kwenu. Lakini watunzi mnaowapenda ni Wajerumani, ambao mmepigana nao mara mbili. Mimi binafsi sina ugomvi na Mjerumani yeyote.

4. Kama sifa ni rangi, kijiti chenyewe ni cheupe. Kifungeni kwenye kiti, kituongoze, Bwana Hapgood apumzike.

Naomba niongoze tamasha la Pasaka, hata kama nitabebwa.

Wasalimie wapiga fidla wote, Bibi Hapgood, na mbwa wake anayelia kila tukianza.

Ni mimi, niliyebakiwa na subira kidogo,
Mwalimu Erisa Owor

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Sowedi amesimamisha lori mlangoni. Amesema, "Mwalimu, kamati imekubali. Pasaka utaongoza wewe." Nimefurahi hata nikaketi bila kushikwa. Kisha akaongeza kwamba mmealika kwaya ya akina mama wa Molo, na katikati ya mstari wa mbele atasimama Mama Ariokot, mzazi wa mke niliyemwoa baada ya kufiwa na yule wa kwanza. Bwana Katibu, kwetu mtu hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumpungia fimbo. Tafadhali mrudisheni Bwana Hapgood. Yeye hana mama mkwe upande huu wa bahari.