Bendera ya Majani Manne

Jumanne, 14 Oktoba 2025

"Bendera ni kitambaa tu." Hayo amesema Kipkurui leo mbele ya mizani, wakulima wote wakisikia. Kitambaa tu! Basi anieleze kwa nini Ijumaa iliyopita, polisi wa Litein walipoanza kushusha bendera jioni, yeye alisimama katikati ya barabara kama nguzo ya stima, kuku hai kwapani, hata hakuthubutu kumnyamazisha. Mtu hasimami hivyo kwa ajili ya shuka.

Alikuwa akijibu pendekezo langu. Jumamosi ya wiki ijayo tunachagua mwenyekiti wa kituo chetu cha kupimia majani ya chai, Kituo Namba Kumi na Nne. Wagombea ni wawili: mimi na yeye. Yeye ana choo kipya ambacho ameahidi kujenga. Mimi nina wazo. Nimewaambia kituo kisicho na bendera ni mabati na mizani tu. Wakacheka. Vizuri. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba kila aliyeleta bendera alichekwa kwanza.

Pia nimerudisha kikapu cha Phanice. Nimekimwaga chini mbele ya watu. Nilikuta jani la tatu. Mimi ndiye msimamizi wa ubora hapa, na sheria ni majani mawili na chipukizi, basi. Phanice amesema ni jani moja tu, baba. Nimemwambia nchi huanza kuoza kwa jani moja.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimechora mchana kutwa. Tangu shule ya msingi tunaimbishwa kwamba nyeusi ni watu, nyekundu ni damu, kijani ni ardhi, nyeupe ni amani. Ardhi ipi? Hakuna anayeuliza. Kijani kile hakikutoka kwenye shamba la mkonge. Kilitoka hapa, kwenye miteremko hii, na hatukuombwa ruhusa.

Yangu itabeba rangi zilezile, kwa maana zetu wenyewe. Nyeusi ni strungi, chai isiyotiwa maziwa. Nyekundu ni udongo unaong'ang'ania buti. Kijani hakihitaji maelezo. Nyeupe ni mvua ya mawe.

Rebeccah, mke wangu, amekuja kuangalia. Ameuliza kwa nini ninaiweka mvua ya mawe, adui wa chai, kwenye bendera. Nimemjibu: ili adui huyo aaibike. Akasema, "Haya, Baba Fancy," akaenda kukamua.

Katikati hakuna ngao wala mikuki. Majani mawili na chipukizi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Litein, kwa Bosibori fundi wa nguo. Ameupokea mchoro, akaugeuza juu chini, akaniambia nimechora mbuzi. Nimemweleza kwa utulivu kwamba ni chai. Akawaita wanawake wawili waliokuwa wakisubiri sare za kwaya. Wakakubaliana ni mbuzi. Mmoja aliongeza kwamba ni mbuzi mgonjwa.

Nimeomba kalamu. Tatizo ni mizani ya picha: majani mawili ni masikio, chipukizi ni pua. Nikaongeza majani mawili chini. Mara moja picha ikapata heshima! Sasa kila jani lina maana. Haki. Bidii. Umoja. La nne nitaliamua baadaye.

Bosibori aliuliza kama nina hakika, baba, na hayo majani. Nikamwambia ashone. Fundi akianza kuhoji alama, taifa halitashonwa kamwe.

Jumatatu, 20 Oktoba. Mashujaa

Majani hayajui sikukuu. Watu walikuwa wamejaa kituoni, vikapu vimepangwa, lori la kiwanda halijafika. Saa nzuri kabisa. Mlingoti wa mkaratusi nilikuwa nimeusimika jana baada ya kanisa.

Nikavuta kamba. Bendera ikapanda. Upepo ukaishika, ikafunguka yote.

Kimya. Kimya kamili! Wote walisimama, nyuso juu. Hata Kipkurui. Midomo yao ilikuwa ikisogea taratibu, nikadhani ni wimbo wa taifa. Macho yakanilowa kidogo.

Walikuwa wakihesabu.

Duke, karani wa mizani, ndiye aliyeanza. Alisema pole sana, Mzee Johana, lakini hiyo hawezi kuipima. Kituo kikalipuka kwa kicheko. Mtu akapaza sauti kwamba imechumwa na nani hiyo, ng'ombe? Phanice alipanda juu ya kikapu chake akauliza kama nitaimwaga sasa hivi au tusubiri lori. Nilijaribu kueleza Haki, Bidii na Umoja. Wakauliza la nne ni nini. Nikaikaza kamba ya bendera.

Kipkurui alinijia karibu, mpole, mkono begani mwangu. Alikiri kwamba alikosea: si kitambaa tu. Ni kitambaa kilichochumwa vibaya.

Jumamosi, 25 Oktoba

Uchaguzi ni wa foleni. Kila mtu anasimama nyuma ya mtu wake. Ya Kipkurui ilitoka mlangoni, ikapita mizani, ikaingia kwenye shamba la chai la jirani. Nyuma yangu alisimama Rebeccah, akifuma sweta. Nyuma ya Rebeccah alisimama Mzee Obure. Nilimshukuru kwa msimamo wake. Akaniuliza mbolea inaanza kutolewa saa ngapi. Nilipomweleza kwamba hii ni foleni ya kura, alihama bila haraka.

Choo kitajengwa.

Njiani Rebeccah alisema, kwa upole, kwamba heri ningeshonesha majani mawili tu na kumwomba Phanice msamaha. Hajasoma historia.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimetafakari ibada nzima. Sikusikia mahubiri. Kosa nimelipata.

Majani manne ni machache. Mtu akiona manne anahesabu bila kutaka. Akiona tisa anakata tamaa, na hapo ndipo heshima inapoanza. Bosibori atapewa mchoro mpya kesho. La nne nimeliamua: Uvumilivu. Hayo mengine matano yatajipatia maana.

Kuhusu vikapu, sibadiliki. Usimamizi wa ubora hawajaninyang'anya, na kesho jani la tatu litamwagwa, liwe la nani.

Tangazo hili nitalibandika kwenye ukuta wa kituo kabla ya lori kufika:

Wakulima wa Kituo Namba Kumi na Nne, na wewe Phanice hasa! Bendera itakapopanda tena, wekeni vikapu chini, simameni wima, fungeni midomo, na msihesabu.