Miwani Yangu Nyeusi Kuliko ya Yohana

Mtwara, Jumatatu, 13 Novemba 1972
Yohana wa bandarini kapata miwani ya jua kwa baharia. Anatembea nayo Shangani hata jua likishazama! Raheli, muuguzi wa macho, kaisifu. Mbele yangu! Na Alhamisi Landrova ya zahanati inampeleka Raheli Kilambo, kule mtoni, inahitaji mtu mmoja wa kuandikisha wagonjwa. Raheli anasema jua la mtoni ni kali, atakayekwenda awe na miwani ya kufaa. Kiti hicho ni changu. Nimenunua miwani sokoni, nyeusi mara mbili ya ile ya Yohana.

Jumanne, 14 Novemba
Raheli kaniambia, Kaka Josephu, weusi si hoja. Ipo miale ya jua isiyoonekana, hiyo ndiyo inayochoma macho. Basi na ipimwe! Ofisini kwetu, kwa wapima ardhi, tuna karatasi ya kuchapia ramani, inageuka buluu ikipigwa na miale hiyo. Nimemwalika Yohana tushindane kesho. Kakubali huku akicheka.
Mchana nimejaribu yangu kwa siri, nikaiweka juu ya karatasi juani. Buluu tupu! Imeacha alama ya fremu tu.

Jumatano, 15 Novemba
Asubuhi nimekwenda Rahaleo kwa Mama Asha, mkaanga korosho. Nimeomba mafuta ya maganda, yale ya kahawia. Kauliza ya nini. Nikasema ya kuua mchwa mlangoni kwangu. Kanionya nisijiguse usoni, yanababua. Kana kwamba mimi mgeni wa Mtwara! Nimeyapaka kwenye vioo kwa unyoya, yazibe miale.
Adhuhuri tumepima. Chini ya miwani ya Yohana, duara mbili za buluu hafifu. Chini ya yangu, nyeupe pe! Yohana kanipa mkono wa hongera. Nilitamani kuung'ata. Raheli kasema nivae mpaka jioni nizoee. Nimevaa. Sikuona kitu, ila nilitabasamu.

Alhamisi, 16 Novemba
Naandika kwa jicho moja. Kope zimevimba kama maandazi. Nimelazwa. Landrova imekwenda, na aliyekaa kwenye kiti changu simtaji. Kabla ya kuondoka alipita kuniachia miwani yake, eti mwanga wa dirishani usiniumize. Majivuno tu!

Ijumaa, 17 Novemba
Wamerudi. Yohana kashinda mtoni bila miwani, macho mekundu. Kidogo tu! Na Raheli anamtilia dawa yeye mwenyewe, kamshika kidevu! Mimi natiliwa na Bwana Filipo, dresa wa kufunga vidonda, vidole kama koleo. Nimelalamika. Raheli kasema nimeshapona, kesho naruhusiwa.
Vizuri. Nikitoka, moja kwa moja kwa Mama Asha, macho yangu nayo yawe mekundu kidogo tu. Nitamwambia mchwa wamerudi.