Vyeti vya Usalama kwa Wakamuaji Ngozi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, ambaye yuko njiani. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye yuko njiani kumpokea. Mheshimiwa Meneja wa kiwanda hiki cha ngozi, mwenyeji wetu na mfadhili wa viti tulivyokalia. Maafisa wenzangu wa Kamati ya Pamoja ya Uratibu wa Usalama Kazini na Utunzaji wa Mazingira. Wasaidizi wa maafisa. Wabeba mafaili wa wasaidizi. Na ninyi ndugu wafanyakazi mliosimama: itifaki imezingatiwa! (Makofi mstari wa mbele. Nyuma, watu wanakohoa kwa harufu ya dawa za ngozi.)

Awali ya yote, nichukue fursa hii adhimu kuitambua fursa hii. Kwa miaka mingi mwajiri aliachwa peke yake na mashine zake, bila mwongozo, bila mkakati, bila hata kikao, mpaka nilipoteuliwa mimi, nikaketi, nikatafakari, nikaketi tena, na hatimaye nikabuni Programu Shirikishi ya Mafunzo ya Usalama na Komplayansi ya Mazingira, yaani utii wa kanuni, programu ambayo wataalamu wa nje walipoisoma walikosa la kusema. (Makofi. Meneja anatazama saa.)

Wapo wanaopenda maneno. Mimi napenda takwimu. Walengwa wa mafunzo katika kiwanda hiki walikuwa arobaini na saba. Waliofunzwa ni arobaini na tisa. Hiyo, ndugu zangu, ni asilimia mia moja na nne, na ninawaomba msishtuke, maana uongozi bora hauwezi kuzuiliwa na idadi ya watu waliopo. (Sauti: "Hao wawili ni nani?" Kicheko.) Hao ni akiba.

Kwa upande wa mazingira, nimesikia manung'uniko kuhusu mfereji unaotoka nyuma ya jengo hili na kupita chini ya madirisha ya majirani, kwamba Jumatatu maji yake ni ya buluu na Alhamisi ni ya kahawia. Huo ndio uwazi! Jirani anajua tunafanya kazi gani bila kuandika barua. Hata hivyo, mtambo wa kusafisha maji taka tayari umechorwa ukutani kwa rangi ya mafuta, pamoja na mishale ya kuyaonyesha maji mahali pa kupita. (Mama mfagizi: "Maji hayajui kusoma, baba!" Kicheko kirefu.) Mama, tuwape muda. Elimu ni endelevu.

Sasa niingie kwenye kiini cha shughuli. Wote mnajua kwamba ndugu yetu mkamuaji alinyakuliwa mkono na mashine ya kukamulia ngozi, ile pale pembeni ya ukumbi, yenye rola mbili za chuma zinazobana ngozi na kuitoa maji. Mashine ikafungwa utepe mwekundu. Kiwanda kikayumba. Meneja, mtu wa watu, akakosa hamu ya kula. Leo tunalimaliza jambo hilo: ndugu huyu atapokea cheti chake cha mafunzo, atasaini kwamba amekipokea, faili litasomeka "uzembe wa mfanyakazi aliyekwisha kufunzwa", utepe utakatwa, na saa nane mchana mashine itawaka, ikiendeshwa na shemeji yake huyu hapa, mdogo wa mke wake, binti jasiri. (Shemeji mtu: "Na wavu wa kinga mmeuweka?") Binti, wavu ni chuma tu. Sisi tunakukinga kwa sera.

Karibu, ndugu mkamuaji. Makofi, tafadhali. (Hayapo. Mkamuaji anapanda jukwaani, mkono wa kulia umefungwa bendeji. Anakisoma cheti polepole. "Mzee, hapa nimeandikwa nilifunzwa lini?") Jumatano, tarehe kumi na nne, mchana kutwa, pamoja na viburudisho. ("Na mashine ilininyakua lini?") Jumatatu, tarehe kumi na mbili, imo kwenye faili, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na mwandiko wangu haujawahi ku... (Shemeji: "Kumbe alifundishwa wodini! Mbona mimi nilishinda naye hospitali siku hiyo, sikuona mwalimu wala viburudisho?" Ukumbi unalipuka.)

Utulivu! Tuwe wastaarabu! Rejista ya mahudhurio inaonyesha bayana alama ya dole gumba la kulia la ndugu huyu. (Mkamuaji anainua bendeji. "Gumba lipi, mzee? La kulia lilibaki kwenye mashine Jumatatu.") Ndugu zangu, hii ni hafla ya serikali, tusianze kuhesabiana vidole hadharani! Mtu akijaza nafasi arobaini na tisa za rejista kwa mchana mmoja, kwa gumba lake mwenyewe, hawezi kukumbuka kila... yaani, karani. Nasema karani. (Mama mfagizi: "Baba, gumba lako mwenyewe bado lina wino!")

Wino ni wa kazi nyingine. Saini hapa, ndugu yangu, mkono wa kushoto unatosha. (Mkamuaji: "Nikisaini, saa nane anasimama pale shemeji yangu. Sisaini." Anarudisha cheti mezani.) Basi tuseme limeahirishwa kwa maridhiano. Naona akina dada wameondoka mstarini na kwenda kusimama mbele ya swichi ya mashine, na wakamuaji wanawafuata. Na hilo pia nalipongeza, kwani ni mwitikio wa hali ya juu kwa mafunzo yetu. Meneja, usifute jasho, kaa tu.

Nihitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema "Usalama!", mseme "Kwa mipango!" Usalama! (Kutoka kwenye swichi: "Wavu!") Mazingira! ("Wavu!") Mwajiri na mfanyakazi! ("Wavu kwanza!") Tutalifanyia kazi.

Mwisho kabisa, namshukuru mkufunzi mkuu wa mafunzo haya, popote alipo na awaye yote, ambaye nafasi yake itatangazwa mara programu itakapopitishwa. Naishukuru kamati itakayoipitisha, ambayo itaundwa. Na kwa namna ya pekee namshukuru mpiga chapa wa vyeti, kwa kuwa katika mradi huu wote ni yeye peke yake aliyefika kazini. Asanteni sana. Naomba aliyesimama mlangoni anipishe.