Nimechimba Dawa Ukweni

Wandugu, niliyoyafanya leo ukweni Nainokanoka hayafai kusimuliwa, lakini nawasimulia mwenyewe kabla hamjayasikia kwa wengine. Anayekunywa chai aweke kikombe chini.

Mnajua nimemchumbia Nasieku. Leo nilipanda kutoka Karatu kwenda kwao kuonana na baba yake, ambaye mpaka leo alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Nasieku alinionya mapema. "Baba atakutembeza kilimani. Huko ndiko anakompima mtu. Uwe na adabu, na usijifanye unajua." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. (Angekuwa nao tu.)

Kule juu baridi haina masihara. Mama yake akanipa chai ya maziwa. Nikamaliza, akajaza. Nikamaliza, akajaza. Ukweni unakataaje? Nikanywa mpaka tumbo likawa linasikika nikitembea.

Tukatoka mzee, mimi, na mbwa wao anaitwa Bosi. Bosi hakunisalimia, alitangulia tu mkia juu. Mzee akawa ananionyesha vitu kwa fimbo. Pundamilia wanakula majani katikati ya ng'ombe. Nyayo za mbogo, mbichi kabisa. Na maua, jamani! Ya njano yamejaa mteremko mzima, na yale ya rangi ya chungwa yaliyojipanga kwenye shina ghorofa kwa ghorofa, ndege chozi anahama ua hadi ua akifyonza. Nikapiga picha. Nikasema "Duh!" kila palipostahili. Mzee akaonekana kuridhika, nami nikajiona nimeshaoa.

Ila chai ikaanza kudai njia. Nikabana. Tukapanda, nikabana. Tukafika penye kijito kinachuruzika, na hapo nikajua sifiki mbali.

Sasa mbele ya baba mkwe unasemaje unataka kukojoa? Mimi mtoto wa mabasi nikakumbuka lugha ya heshima, ile ya kondakta akisimamisha gari porini ili abiria watafute vichaka.

"Mzee, samahani. Naomba nikachimbe dawa kidogo."

Mzee akasimama. Uso ukamchangamka.

"Ero! Wewe kijana unajua dawa?"

Nikajua ananitania. (Nimepata mkwe mcheshi!) "Najua, mzee. Tangu mdogo."

"Nani alikufundisha?"

"Hii haifundishwi, mzee. Inakuja yenyewe."

"Hata usiku unachimba?"

"Nikinywa chai nyingi, hata usiku."

Akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwa mtu mzima yeyote. Akachomoa sime kiunoni, akanikabidhi. Nikadhani ni kwa ajili ya mbogo. Nikaenda nyuma ya kichaka, sime mkono mmoja, nikajisaidia kwa ulinzi kamili. Nafuu niliyoipata sitaieleza, kuna watoto humu.

Nikarudi natabasamu. Mzee amenyoosha kiganja.

"Iko wapi?"

"Nini, mzee?"

"Dawa."

Ndipo nikaelewa.

"Nime... nimeiacha hukohuko."

"Umeiacha? Nyie watu wa Karatu wachoyo sana! Binti yangu unamtaka, dawa unanificha?"

"Mzee, ile haibebeki."

Wakati najitetea, nyuma ya kichaka udongo ukaanza kuruka. Bosi anachimba. Palepale! Akatokea na mzizi mdomoni, akauweka miguuni kwa mzee. (Siku nzima hujafanya kazi, Bosi, unaanzia hapa?)

"Umeona? Mbwa hana uchoyo." Mzee akauokota, akaufuta kwenye shuka. "Umelowa umande."

Umande, saa kumi jioni! Nikanyoosha mkono niuchukue. Mzee akaugusa mzizi kwa ulimi. Akafikiri.

"Una chumvi," akasema.

Kinamama wawili walikuwa wanapita na punda wa kuni. Mzee akawapungia, akauficha mzizi ndani ya shuka. "Mama Nasieku atauchemsha kwenye supu. Leo tunakunywa wote."

Jamani, nilipiga hesabu haraka. Nikinyamaza, nimeoa. Lakini yule mama aliyenijazia chai kwa upendo vile, anywe mkojo wangu? Roho ikakataa. Nikapayuka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia:

"Mzee, usipeleke! Ni mkojo! Mkojo wangu!"

Pundamilia wakainua vichwa. Mama mmoja akamtafsiria mwenzake kwa Kimaasai, wakashikilia punda wasianguke kwa kicheko.

Mzee akautupa mzizi. Akatema. Akatema tena.

"Kwa hiyo kuchimba dawa ni kukojoa?"

"Ndiyo, mzee."

"Na kukojoa mnakuitaje?"

"Nako ni kukojoa, mzee."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Ukiniheshimu hivi tena nitakufa."

Tukarudi, mimi nyuma kabisa, nikiwaza nitamwambia nini Nasieku. Tulipokaribia boma mzee akageuka. "Mama Nasieku asijue."

"Hatajua, mzee."

Kumbe wale kinamama walipita njia ya mkato. Tulipofika, watu wote walikuwa nje wamejiziba midomo kwa shuka. Mama Nasieku akanijia na kikombe kimejaa pomoni, uso mkavu kabisa.

"Karibu chai, mkwe. Ukitaka kuchimba dawa, choo kile pale."

Mkwe! Nikamgeukia mzee, nikisubiri apinge. Alikuwa anasukutua mdomo, akanipungia tu mkono nikae.

Basi wandugu, mke nimepata. Naomba sana msicheke. Nasieku peke yake anatosha, hajanyamaza tangu jioni.