Kinga ya Kengele

Mhandisi, cheo alichojipa mwenyewe siku aliponunua miwani, alikuwa akisubiri zamu kwa kinyozi aliposikia mkasa wa hoteli ya mtaa wa pili. Fundi alichanganya nyaya, umeme mkubwa wa nyumba ukaingia kwenye waya mwembamba wa kengele za vyumbani, zikaungua zote kwa mpigo. Waliokuwepo walisikitika. Mhandisi alimeza mate.

Haukupita muda akawa na bidhaa: kiboksi cha plastiki kilichojaa nta ya mshumaa, waya ukiingia huku na kutokea kule bila kuzuiwa na chochote. Alikiita Kinga. Kwenye maonyesho alikiunganisha na kibalbu cha tochi, kisha akachomeka ukutani plagi ambayo nyaya zake alizikata kwa ndani. Umeme haukufika popote, kibalbu kikabaki salama, watu wakatoa pochi. Kwa kweli hakuna kifaa kilichowahi kulinda balbu kwa uhakika namna ile.

Ndipo akaingia kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja mjane, mnene, mpole wa sauti.

"Kwa hiyo umeme mkubwa ukipotea njia ukaja kwenye kengele zangu, hiki kitauzuia?" mama aliuliza.

"Mama yangu, utafika hapa, utakuta mlango umefungwa, utarudi ulikotoka kwa aibu."

"Na kisipouzuia?"

"Chukua pikipiki yangu ile pale nje. Ununue kengele mpya nyumba nzima."

Aliyasema hayo mbele ya wageni waliokuwa wakinywa chai sebuleni. Ulimi wake ulikuwa na tabia ya kutangulia, akili ikifuata nyuma ikihema.

Mama akabonyeza kitufe cha mapokezi. Kutoka upande wa jikoni ikasikika ting, ting, safi kabisa.

"Umesikia? Nzima hizo."

"Zinalia kama malaika," Mhandisi akathibitisha, wageni wote wakisikia.

Alifunga Kinga kwenye waya wa kengele, akatoa plagi yake. Mama akaitazama kwa huruma.

"Waya wako mfupi, mwanangu, haufiki ukutani. Tumia wangu."

"Hapana, mama, huu wangu ni wa kitaalamu, ngoja tusogeze me..."

Mama, miguuni kandambili za mpira, alikwisha kuunganisha waya wake na kuwasha swichi. Pakalia *paa*. Nta ikayeyuka ikachuruzika ukutani, moshi ukatoka kwenye kitufe, mgeni mmoja akaingia chini ya meza na kikombe chake. Mama alizima, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, akatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa.

"Kengele za marehemu mume wangu," alisema.

Wageni wakamgeukia Mhandisi. Akatoa ufunguo wa pikipiki.

Akaomba maji ya kunywa, akaelekezwa jikoni. Huko alimkuta shemeji wa yule mama, mzee mwenye kofia, ameketi na glasi tupu na kijiko.

"Nilipiga vizuri?" shemeji aliuliza, akidhani ni mtu wa nyumbani. "Kengele zenyewe zilikufa miaka mingi iliyopita, fundi anataka hela nyingi mno."

Mhandisi alikitazama kile kijiko. Akisema kengele ilikuwa kijiko, itabidi aseme pia kwamba kinga ilikuwa mshumaa. Akanywa maji yake, akashukuru.

Getini alipishana na kijana nadhifu aliyebeba mitungi myekundu ya kuzimia moto. Mmoja ulikuwa umepasuka chini, unamwaga mchanga.

"Kaka, hapa wananunua?" kijana aliuliza.

Mhandisi alimtazama, akatazama ile mitungi, kisha akamshikia geti.

"Ingia tu, mdogo wangu. Mama ni mtu mwema sana. Ila mwambie unatoa dhamana."